Mtoto Anatukula

Juzi jirani yangu hapa Kibeta, Bukoba, alitoka sokoni na mfuko wa karatasi uliojaa viungo. Alisimama mlangoni kwangu anisalimie, mfuko ukapasuka chini, na manjano yakamwagika yote kizingitini. Harufu ikapanda: kavu, chungu kidogo, kama udongo uliosagwa pamoja na tangawizi. Nilirudi nyuma mpaka mgongo wangu ukagonga ukuta.

"We dada, ni manjano tu!" akasema jirani huku akicheka. "Mbona kama umeona nyoka?"

Nilichukua ufagio nikafagia. Sikumweleza chochote, kwa sababu habari yenyewe haisimuliwi mlangoni. Lakini alipoondoka nilikaa kwenye kochi nikiwa na vidole vya njano, nikairudia yote tangu mwanzo, kwa mpangilio, kama ninavyopenda kufanya na mambo yanayonishinda.

Inaanzia darasani. Tulikuwa tunaishi Kashai, chumba kimoja cha kupanga. Baba alikuwa fundi pikipiki na Mama alikuwa mjamzito. Nyumbani tulizungumza Kihaya, shuleni Kiswahili, na katikati ya hizo lugha mbili palikuwa na mashimo ambayo hakuna aliyenionyesha. Siku moja mwalimu alibandika ubaoni karatasi yenye miraba ya rangi akauliza, "Nani atanionyesha kahawia?"

Mkono wangu ulikuwa wa kwanza. Jibu lilikuwa ndani ya neno lenyewe! Kahawa naijua. Kila likizo nilikwenda kwa Bibi, mama yake Baba, Muleba, upande wa Rubya, na nilichuma kahawa mpaka vidole vikanata. Nikaenda mbele, nikaweka kidole kwenye mraba mwekundu.

"Umeona wapi kahawa nyekundu?" aliuliza mwalimu.

"Kwa Bibi, Mwalimu. Mtini."

Darasa zima lilicheka, na waliocheka zaidi ni wale ambao mashambani kwao kahawa ilikuwa nyekundu kama ya kwetu. Mwalimu alinionyesha mraba wa rangi ya udongo. Mimi kahawa ya rangi hiyo, ya kukaangwa na kusagwa, nilikuwa sijawahi kuiona ikinywewa nyumbani kwetu. Sisi tuliilima tu na kuiuza, na nyingine tukaichemsha na kuikausha kwa ajili ya wageni kutafuna. Kuanzia siku hiyo uwanjani sikuwa na jina lingine. "Kahawia! Umeiva? Njoo tukuchume!"

Aibu hiyo ilinifanya niwe mtoto wa kuuliza rangi. Niliuliza rangi ya kila kitu, na sikukubali kudanganywa na jina. Mwalimu wangu wa pili akawa mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka la viungo mjini, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliyezaliwa Bukoba na aliyejua Kihaya kuliko baadhi yetu. Mama alipokwenda kwake kununua chumvi, mimi niliegemea kaunta na kunyoosha kidole.

"Hii?"

"Manjano."

"Jina lake au rangi yake?"

"Vyote viwili, mama. Hii haikudanganyi kama kahawa yako." Kumbe Mama alikuwa amemsimulia. "Kwetu bibi harusi tunampaka hii mwili mzima kabla ya sherehe. Anang'aa."

"Na akitokwa jasho?"

"Anakuwa mchuzi," akasema, akacheka mpaka mizani ikatikisika. Akanipaka kidogo kwenye kidole. Harufu ile nilikaa nayo hadi jioni, nikinusa kidole kila mara.

Likizo ilipofika, Mama alikwenda kujifungulia kwa Bibi, nami nikaenda naye. Baba alibaki Kashai na pikipiki za watu.

Pale kijijini niliendelea na kazi yangu ya kuuliza rangi, nikakutana na jambo lililonishangaza. Bibi alikuwa na maneno matatu tu. Kitu kilikuwa cheupe, au cheusi, au kilitukula. Hilo la mwisho kwa Kihaya linaelezea wekundu, lakini halikuishia kwenye wekundu. Kahawa iliyoiva inatukula. Ndizi iliyoiva inatukula. Udongo wa barabarani unatukula. Mtu ambaye Waswahili wangemwita mweupe, mwenye ngozi angavu, naye anatukula, na hiyo ni sifa. Nilipomuuliza Bibi rangi ya jani la mgomba, aliniangalia kama mtu aliyeulizwa maji yana ladha gani.

"Ni ya jani," alisema.

Msidhani alikuwa hana macho. Alikuwa na ng'ombe wawili, na kwenye ng'ombe maneno yalimtoka bila kikomo. Mwekundu wa kuiva sana aliitwa bihogo, na yule wa pili, ambaye mimi nilimwona wa rangi ileile, alikuwa na jina lake na sababu zake. Ng'ombe wa jirani akipita kwa mbali, Bibi alitaja rangi yake, ya mama yake na ya ndama anayetarajiwa. Nimeliwazia hilo mara nyingi tangu nikue. Mdogo wangu angezaliwa ndama, Bibi angegundua kasoro siku ileile.

Alizaliwa mtoto wa kiume, nyumbani, kwa mikono ya Bibi, kwa sababu uchungu ulikuja ghafla na barabara ilikuwa imeharibiwa na mvua. Akaitwa Muganyizi. Mama alilazwa chumba cha ndani, nyasi mbichi zikatandikwa sakafuni, na dirisha dogo likafunikwa khanga ili upepo usimguse mtoto. Ndani mlikuwa na giza la mchana, lile ambalo unaona kwanza meno ya mtu halafu uso. Sisi watoto tulizuiwa kuingia. Tulisikia tu.

Tulichosikia ni sifa. Wageni walikuja na mikungu ya ndizi kichwani, wakapewa kahawa ya kutafuna, wakainama juu ya mtoto, na kila mmoja akatoka na neno lilelile.

"Anatukula!"

"Kama babu yake!" Bibi alijibu kwa fahari. Marehemu mume wake alikuwa mtu wa ngozi angavu, na kati ya wanawe wote hakuna aliyeichukua.

"Ma Koku, umeona?" aliuliza jirani mmoja akimwambia mwenzake.

Ma Koku ndiye aliyekuwa jirani wa karibu zaidi, mjane mwenye machozi ya karibu na sauti kubwa. "Nimeona," alisema. "Na leo anatukula kuliko jana. Na mtulivu! Hata kulia halii. Analala tu."

Leo, mtu mzima, nikiyakumbuka maneno hayo natamani kuziba masikio. *Kuliko jana.* Kila kundi la wageni lilikuta rangi imezidi, na kila kundi likasifu zaidi. Mama alipolalamika kwamba mtoto hanyonyi vizuri, waliambiwa wote, yeye na mtoto, kwamba wapumzike. Tulikuwa tunashangilia kitu kilichokuwa kinamwua.

Asubuhi moja jua lilikuwa kali, na Mama akasema amechoka na giza. Alitoka, akakaa kwenye mkeka karibu na mlango wa uani, mtoto mapajani, akafungua khanga ili amwogeshe. Mimi nilikuwa napita na kikapu cha maganda ya kulisha ng'ombe. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona mdogo wangu kwenye mwanga.

Nilisimama. Halafu nikafurahi, na hiyo ndiyo sehemu inayoniuma kuliko zote. Nilifurahi kwa sababu nilijua jina la ile rangi bila kumwuliza mtu, na nilijua ilivyofika pale. Walikuwa wamemfanyia kama bibi harusi.

"Mama," nikasema, "nani amempaka mtoto manjano?"

"Amempaka nini?"

"Manjano. Kama ya dukani. Ni Bibi?"

Bibi alikuwa jikoni. Alitoka na mwiko mkononi. "Nani kampaka nini mjukuu wangu?"

Mama alimweleza kwa Kihaya: kile kiungo cha Wahindi, cha kuweka kwenye mchuzi. Bibi alinitazama kwa hasira ya kweli. "Mimi? Nimpake mtoto mchuzi? Nimpike?" Akaweka mwiko chini, akachukua kitambaa cheupe cha kuogeshea, akakichovya kwenye maji ya vuguvugu. "Njoo hapa, wewe unayejua kila kitu. Tazama."

Alimpangusa mtoto paji la uso, taratibu, mbele ya macho yangu. Akakunjua kitambaa juani.

Kilikuwa cheupe.

"Umeona? Hakuna kitu. Ndivyo alivyo. Anatukula."

Lakini Mama alikuwa haangalii kitambaa. Alikuwa anaangalia lile paji lililopanguswa, lililobaki na rangi ileile. Akamnyang'anya Bibi kitambaa, akapangusa tena, safari hii kwa nguvu, mashavu, shingo, kifua, kama mtu anayesugua sufuria. Kitambaa kiliendelea kuwa cheupe. Na Muganyizi, ambaye mtoto yeyote wa kawaida angepiga kelele hadi barabarani, hakulia. Alifungua mdomo kidogo, akaufunga.

Mama aliweka kidole gumba juu ya jicho la mtoto, akainua ukope.

Sehemu inayopaswa kuwa nyeupe ilikuwa kama ndizi iliyoiva.

"Mama mkwe," alisema Mama kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kabla, nyembamba, isiyo na pumzi. "Njoo uone macho."

Bibi aliinama. Aliona. Alikaa chini palepale kwenye udongo, miguu imenyooka mbele, kama mtu aliyesukumwa. Akasema jambo moja tu.

"Macho hayapakwi."

Kijana wa jirani mwenye pikipiki aliitwa kwa kelele. Mama na mtoto walipanda katikati, Bibi nyuma, bila viatu, na kitambaa kile cheupe bado kiko mkononi mwake. Walikwenda hospitali. Mimi niliachwa kwa Ma Koku, na hakuna aliyeniambia kama nilikuwa nimefanya vizuri au vibaya.

Kesho yake Bibi alirudi peke yake kuchukua nguo na chakula. Uso ulikuwa umemshuka. Wanawake walishajaa uani kabla hajafungua mlango, Ma Koku mbele.

"Waitu, mwenzetu, mtoto?"

Bibi alieleza kwa Kihaya, polepole, kama mtu anayesimulia ndoto asiyoielewa. Wamemvua nguo zote. Wamemfunga macho kwa kitambaa. Wamemlaza peke yake kwenye sanduku la kioo, na juu yake wamewasha taa nyeusi.

"Taa nyeusi?" aliuliza Ma Koku.

"Nyeusi," alisema Bibi, kwa neno lilelile la masizi ya chungu.

Niliona habari ile ikipita kutoka uso hadi uso. Uchi. Macho yamefungwa. Sanduku. Nyeusi. Ma Koku aliweka mikono kichwani na kutoa mlio mmoja mrefu, na wengine wakampokea. Bibi, aliyekuwa hajalala, alishindwa hata kuwanyamazisha. Alianza kulia pamoja nao, kwa uchovu. Wanaume waliokuwa wanapita njiani wakavua kofia na kuingia. Mmoja akakata majani ya migomba ya kukalia, kama kwenye msiba.

Katikati ya hayo akaingia Baba. Alikuwa amepata salamu kwamba mtoto amepelekwa hospitali, akaacha kazi Kashai akaja moja kwa moja na ovaroli yake ya gereji. Alipofika kwenye uzio wa mibono aliona wanaume wamekalia majani na wanawake wanaomboleza. Hakuuliza. Alianguka kifudifudi njiani, na chungwa moja likatoka mfukoni mwake likabingirika hadi miguuni kwangu. Sikuwa nimewahi kumwona baba yangu chini. Nilidhani amekufa naye.

"Nani kasema amekufa?" Bibi alipiga kelele, akamkimbilia. "Inuka! Nimesema yuko chini ya taa!"

"Taa gani?" Baba aliuliza, mdomo umejaa udongo.

"Taa nyeusi!"

"Mama, taa nyeusi inaangazaje?"

Bibi alitafuta neno, akakosa. Akamshika Baba kifuani, akavuta ovaroli. "Hii! Ya rangi hii!"

Baba alijitazama. Ovaroli yake ilikuwa ya bluu.

"Bluu," akasema. "Mama, hii ni bluu!"

"Ndiyo," alisema Bibi, akishangaa kwa nini anabishiwa. "Nyeusi."

Kilio kilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Mtu mmoja alicheka, kicheko kibaya cha hofu, na Ma Koku akajifuta uso kwa khanga akasema kwamba yeye alilia kwa sababu ya kusikia, si kwa sababu ya kuona. Baba alibaki ameshika kifua cha ovaroli yake kwa mikono miwili. Halafu akaondoka kwa miguu kwenda hospitali, bila kuingia ndani.

Muganyizi alirudi. Taa ile ilikuwa imemtoa manjano, akawa mweusi mzuri kama Baba, na hakuna aliyesikitika kwamba hakumchukua babu. Alinyonya, akanenepa, akatambaa. Tulirudi Kashai, tukaamini yamekwisha.

Kisha ikaja ile radi. Wanaoijua Bukoba wanajua radi yetu, inayopasuka bila kuonya kama bati linalovunjwa juu ya paa. Ilikuwa mchana, tumekaa tunakula. Radi ilipiga karibu sana. Mama aliruka, mimi nikamwaga uji, kikombe cha Baba kikadondoka. Muganyizi alikuwa sakafuni akichezea kifuniko cha chupa. Aliendelea kuchezea. Hata kope hazikugutuka.

Baba na Mama walitazamana. Mama aliinuka, akasimama nyuma ya mtoto, akapiga makofi. Akapiga sufuria kwa kijiko. Akaita jina lake, kwanza kwa upole, halafu kwa sauti iliyoleta wapangaji mlangoni. Mtoto alikiviringisha kifuniko chake, akakifuata kwa macho, akatabasamu.

Hospitalini walisema manjano yale ya watoto wachanga yakikaa mwilini muda mrefu huweza kufika kwenye mishipa ya fahamu ya masikio. Hawakusema ndiyo sababu kwa hakika. Hawakuhitaji. Mama aliuliza swali moja tu, kama angeletwa mapema ingekuwaje, na daktari akaangalia dirisha.

Bibi alipoambiwa hakulia. Aliomba nirudie neno. "Manjano," nikasema. Akalirudia, akaliweka ndani ya Kihaya chake. Tangu hapo mtoto yeyote akizaliwa milimani kwetu, Bibi alifika bila kualikwa, na kitambaa cheupe begani. Wageni walipoanza kusema anatukula, yeye aliuliza, "Anatukula, au ni manjano?" Alimtoa mtoto nje juani, akapangusa paji, akainua ukope. Wengine walimchukia kwa hilo. Walisema anawatafutia watoto wa watu ugonjwa. Hakuacha. Tulipomzika mwaka huu, kitambaa kile hatukukizika naye. Muganyizi alikidai.

Mimi na Muganyizi tulijitengenezea ishara zetu tangu utotoni, kabla hajaenda shule ya viziwi kujifunza zile rasmi. Nyeupe ni kugusa jino. Nyeusi ni kugusa nywele. Njano ni kusugua vidole chini ya pua, kama mimi nilivyonusa kidole changu siku ile dukani. Nilimweleza yote kwa ishara hizo alipokuwa mkubwa wa kutosha kuuliza kwa nini. Alisikiliza kwa macho, mpaka mwisho, hakukatiza.

Muda si mrefu uliopita mke wake alijifungua. Walipotoka hospitali tulikusanyika kwao Kashai, chumba kimejaa, kila mtu na simu yake ya kupiga picha. Shangazi yetu, dada wa Baba, alimbeba mtoto, akatoa sauti iliyojaza nyumba.

"Jamani! Anatukula!"

Muganyizi hakusikia. Lakini alikuwa anamtazama mdomo, na umbo la neno hilo mdomoni analijua kuliko mtu yeyote. Alimchukua mtoto mikononi mwa Shangazi, akapenya katikati ya watu, akatoka naye nje mlangoni kwenye jua. Alitoa kitambaa cha Bibi mfukoni. Akapangusa. Akatazama kitambaa. Akainua ukope kwa kidole gumba, akakaa hivyo muda ambao kwangu haukuwa na mwisho.

Kisha akanigeukia, akasugua vidole chini ya pua.

Shangazi bado alikuwa anaeleza wageni juu ya ngozi ya babu wakati sisi tayari tuko juu ya bodaboda.

Mtoto aliwekwa chini ya taa ya bluu mchana uleule. Muuguzi alisema tumewahi. Alilisema kirahisi, akiandika, kama mtu anayesema mvua imekatika. Siku walipomtoa kwenye taa nilikuwa nimekaa na Muganyizi pembeni ya kitanda, mtoto amelala kati yetu. Nyuma yetu mtu alidondosha beseni la chuma kwenye sakafu ya saruji.

Mimi niliruka. Mama wa mtoto aliruka. Mtoto alitupa mikono yote miwili hewani, vidole vimetanuka, akafumbua macho na kulia kwa nguvu.

Muganyizi peke yake hakutikisika. Aliitazama ile mikono midogo iliyotanuka hewani, akaangalia juu, akaangalia chini ya kitanda, akitafuta kilichomgusa mwanawe. Hakukiona. Akanitazama, nyusi zimepanda: *nini?*

Nikanyoosha mkono, nikagusa sikio langu, halafu sikio la mtoto.